Kutoka Masumbwe hadi Kilwa Kisiwani: panga safari kwa maji, kalenda ifuate

Swali hili halikauki. Huja zaidi mpunga ukishavunwa, au duara la mtu machimboni likitoa vizuri: "Nina siku kama nane za kupumzika na hela kiasi. Nataka nione bahari, nioge, lakini pia nione kitu cha kale, watoto wakirudi wawe na la kusimulia. Niende wapi?" Wengi wanaouliza wameshasikia habari za Unguja hadi wamezichoka, na wanaogopa bei zake.

Jibu langu ni Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Makala hii ni ya mtu anayeondoka Masumbwe, Ushirombo, Kahama au Geita, asiyewahi kuishi pwani, na asiye na wakala wa utalii wa kumshika mkono. Kwenye njia sitatumia maneno mengi. Nitakaa zaidi kwenye kitu ambacho watu wa bara tunakisahau kabisa, nacho ni maji kupwa na kujaa. Ukilielewa hilo, mengine yote ya safari hii ni mepesi.

Kwanza, mtapinga

"Si ni magofu tu?" Ndiyo, ni magofu. Hakuna jumba lenye mapazia wala vyumba vyenye fanicha za sultani. Kuna kuta, nguzo, kuba, visima na makaburi katikati ya mibuyu, na kijiji cha watu wanaoishi papo hapo. Asiyependa kutembea juani akisikiliza maelezo, aende Dar es Salaam akapumzike Kigamboni, wala hatakosea.

"Zanzibar ni bora." Kwa fukwe peke yake, sibishani. Lakini Mji Mkongwe unaoonekana leo umejengwa kwa sehemu kubwa karne ya 19. Kilwa ilikuwa na msikiti wa mawe miaka mia saba na zaidi kabla ya hapo. Na ukiwa Kilwa huna foleni ya watalii. Mara nyingi utakuwa wewe, mwongozaji wako na mbuzi.

"Ni mbali." Hilo ni kweli kabisa. Kutoka Masumbwe hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na toka Dar hadi Kilwa Masoko ni kama 300 nyingine. Kwa siku nne hii safari haifai. Kwa siku nane inafaa. Kama likizo yako ni fupi kuliko hapo, subiri mwaka ujao.

"Hivi kwa nini nilipe kuangalia mawe?" Kwa sababu mawe yanaanguka, na kuyashikilia kunagharimu. Hata Venice, mji wa Italia uliojengwa katikati ya maji, ulianza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa siku moja kwa baadhi ya siku za mwaka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, na zikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mchango wako mdogo unaingia hapo.

Kwa nini mtu wa ukanda wa dhahabu apaone

Nisiposema hili nitakuwa nimewanyima nusu ya utamu. Kilwa ilijengwa kwa dhahabu. Siyo yetu ya Geita. Hiyo ilitambuliwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Ya Kilwa ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, iliyo Msumbiji ya leo, na Kilwa ikashika njia ya bahari kati ya Sofala na Arabuni, Uajemi na India. Wachimbaji walikuwa mbali huko bara. Aliyetajirika ni aliyekaa bandarini akitoza ushuru. Yeyote aliyewahi kuuza gramu zake kwa bei ya mnunuzi ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa akausifu mji na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na mizinga na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa Lisbon, ikawa chombo cha kanisani kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo kinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la mji huo. Mwaka 1505 Wareno walirudi chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji na kuupora. Hayo ukiyajua kabla ya kuvuka, kila ukuta utakuwa na sababu ya kutazamwa.

Lini uende

Kuna msimu, na kuna maji. Watu huangalia msimu peke yake.

Msimu:
- Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri: kavu, hakuna joto kali. Ila upepo wa kusi huvuma, na chombo cha tanga hurusha maji. Anayechafukwa tumbo kirahisi ajiandae.
- Oktoba na Novemba bahari hutulia zaidi, joto likianza kupanda.
- Desemba hadi Februari kuna joto zito, na mvua yaweza kukukuta.
- Machi hadi Mei, usiende. Siyo kwa kuogopa kulowa. Barabara ya kusini hukatika. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilivunja barabara na madaraja maeneo ya Somanga, na wasafiri walikwama pande zote mbili.

Ramadhani siikatazi, lakini mchana migahawa mingi hufungwa na waongozaji wako wamefunga. Uwe na subira, na usile hadharani.

Sasa maji. Ziwani kwetu maji yakiwa hapa asubuhi, jioni utayakuta hapohapo. Bahari haiko hivyo. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea karibu dakika hamsini kila siku. Leo maji yakijaa saa nne asubuhi, kesho ni karibu na saa tano. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya maji ya juu na ya chini yaweza kufika mita tatu hadi nne. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu hutokea bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti hupungua.

Hilo linakuhusu hivi:
- Maji yakiwa yamekupwa, chombo hakifiki karibu na nchi kavu. Utashuka na kutembea kwenye tope na matumbawe, begi kichwani.
- Ufukwe uliouona picha yake ukiwa umejaa maji ya buluu, saa sita baadaye waweza kuwa uwanja wa mchanga na majani ya baharini, maji yako kule mbali.
- Kwenda Songo Mnara kunategemea maji zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu unapita kati ya mikoko.

Kwa hiyo fanya hivi: jioni unapofika Kilwa Masoko, kabla hata ya kuuliza chakula, muulize nahodha au mwongozaji, "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Kisha upange siku zako zote kwa jibu hilo. Aliyepanga tangu nyumbani kwamba Jumanne ni kisiwani na Jumatano ni ufukweni, awe tayari kubadilisha.

Njia

Kutoka Masumbwe una chaguo mbili za maana.

1. Basi moja kwa moja hadi Dar es Salaam kupitia Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Ni safari ya kuumiza mgongo lakini ndiyo rahisi kifedha. Panda ulilokata tiketi yake mapema. Usitegemee la kupita barabarani msimu wa sikukuu, litapita limejaa.
2. Basi hadi Dodoma, ulale, kisha treni ya SGR hadi Dar es Salaam. Treni hii ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024. Kwa wenye watoto au wazee, hii ndiyo ninayoipendekeza. Kata tiketi siku kadhaa kabla, na uwe na kitambulisho.

Anayetaka ndege aende Mwanza au Chato, apande hadi Dar. Hesabu vizuri: nauli ya ndege ya familia ya watu watano yaweza kula fedha yote ya safari.

Ukifika Dar, lala. Narudia, lala. Kosa kubwa la watu wa kanda yetu ni kushuka Mbezi usiku na kutaka kuunganisha Kilwa alfajiri ileile. Mabasi ya Kilwa huelekea kusini kupitia Mbagala, upande mwingine kabisa wa jiji, na foleni ya Dar haijali kwamba umetoka Masumbwe. Pumzika siku moja. Jioni tuma mtu au nenda mwenyewe ukakate tiketi ya asubuhi.

Barabara ya kusini ni ya lami: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, kisha Nangurukuru. Hapa pana mtego. Mabasi ya Lindi na Mtwara hayaingii Kilwa Masoko. Hukushusha njia panda ya Nangurukuru, na kutoka hapo utafute daladala au bajaji. Ukipata basi la moja kwa moja hadi Masoko, chukua hilo.

Na mjue majina, maana watu hushuka pasipo. Kilwa ni tatu: Kivinje, mji wa zamani ulioko kaskazini; Masoko, makao makuu ya wilaya, ambako kuna nyumba za kulala wageni, benki na gati; na Kisiwani, ambako ndiko unakokwenda. Unalala Masoko, unavuka kwenda Kisiwani, unarudi Masoko.

Kibali na mwongozaji

Magofu sasa yako chini ya TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori. Kibali unakipata Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na Mtanzania hulipa kiingilio cha Mtanzania, kilicho chini sana kuliko cha mgeni wa nje. Beba kitambulisho cha taifa ili kusiwe na mabishano. Malipo ni ya serikali: unapewa namba ya malipo, unapata risiti. Mtu akikwambia gatini kwamba "mimi nitakuvusha bila kibali, tutagawana," mkatae. Utafika ng'ambo uulizwe karatasi, na yeye atakuwa ameshageuza ngalawa.

Mwongozaji ni wa lazima, hata kama hakuna anayekulazimisha. Bila yeye utaona kuta tu. Kabla hamjaondoka mkubaliane waziwazi:

- bei ni ya kikundi au ya kila mtu;
- ndani yake kuna chombo, au chombo kinalipiwa peke yake;
- mtafika Husuni Kubwa, au mtaishia karibu na gati (wengine huruka Husuni kwa sababu ni mwendo);
- mtakaa saa ngapi.

Mwongozaji mzuri utamtambua kwa jambo moja: atakuuliza unataka kujua nini kabla hajakutajia bei.

Kuvuka

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni kama kilomita mbili. Chombo cha mashine huchukua dakika chache. Cha tanga hutegemea upepo. Najua sisi wa kanda ya ziwa tuna jeraha la vyombo vilivyozama. Mv Bukoba mwaka 1996, Mv Nyerere mwaka 2018 pale Ukara: karibu kila mtu kwetu ana jamaa au jirani aliyeguswa. Hofu hiyo itumieni vizuri. Iwafanye mwe wakali kwenye mambo haya:

- Koti la kuokolea kwa kila mtu, mtoto na lake la saizi yake. Likivaliwa, lifungwe. Kulikalia kama mto hakusaidii.
- Chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni. Msione haya.
- Msivuke upepo ukiwa mkali mchana. Asubuhi huwa shwari zaidi.
- Simu na fedha ndani ya mfuko usiopitisha maji. Maji ya chumvi huua simu haraka kuliko ya ziwani.
- Mvae yeboyebo au viatu vingine vya kulowa. Chini kuna matumbawe yanayokata, na wale wadudu weusi wa duara wenye miiba mirefu; mwiba wao ukivunjikia mguuni, likizo imekwisha.

Ukiwa kisiwani, tazama kwa mpangilio huu

Anza mapema, saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, kama maji yanaruhusu. Kufikia saa sita jua litakuwa limewashinda watoto.

*Gereza.* Ndilo utakaloliona kwanza ukiwa baharini. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, lakini sehemu kubwa ya linalosimama leo ni la wakati wa Waomani, karne ya 19. Tazama mlango, panda kama mnaruhusiwa, endelea. Wengi humalizia nguvu hapa kwa kupiga picha, na kilicho bora bado kiko mbele.

*Msikiti Mkuu.* Hapa kaa. Ni msikiti wa vipindi viwili, na mwongozaji akuonyeshe mpaka wake. Upande wa kaskazini, penye kibla, ndiyo sehemu kongwe, ya karne ya 11 na 12, iliyokuwa na paa bapa. Upande wa kusini ni upanuzi wa karne ya 14 wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wenye matao, nguzo na kuba. Sehemu yake iliporomoka ikajengwa upya karne ya 15. Simama katikati ya nguzo, tazama juu, kisha uulize haya:
- Kwa nini kuta ni nene hivi? (Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo.)
- Mawe ya kuchonga kwenye mihrabu yamepatikana wapi? (Matumbawe laini hukatwa baharini yangali mabichi, huchongeka kirahisi, kisha hukauka na kuwa magumu.)
- Kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba? (Paa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Chumba hakiwezi kuzidi upana wa mti.)

Fundi ujenzi akija na swali hilo la mwisho, atatoka na mengi kuliko profesa.

*Msikiti mdogo wenye kuba*, wa karne ya 15, uko jirani. Umesimama vizuri kuliko majengo mengi ya hapo, na dari lake linaonyesha jinsi ule mkubwa ulivyokuwa.

*Makutani*, jumba la masultani wa baadaye lenye ukuta mkubwa, nalipita haraka. Ni pana, limevunjika, na jua huwa limeshapanda. Kama mna watu wazima tu, liingieni.

*Husuni Kubwa.* Hapa ndipo wengi hupakosa, na ndipo mimi ningetoka Masumbwe kwa ajili yake peke yake. Iko nje ya mji wa kale, juu ya jabali linalotazama bahari, mwendo mzuri wa miguu kupitia mashamba na mibuyu. Ni kasri la yuleyule al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzo wa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100, nyua, maghala, na birika la kuogea lenye pembe nane. Halikukaliwa muda mrefu. Ukisimama kwenye birika hilo utaelewa hela ya dhahabu ilivyokuwa ikitumika wakati biashara imenoga, na ilivyoachwa ilipopungua. Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimbua Kilwa miaka ya 1960, ndiye aliyeliweka wazi kasri hili.

Beba maji ya kunywa, angalau lita mbili kwa kila mtu mzima. Usitegemee kununua kisiwani.

Adabu ya mahali

Kisiwani ni kijiji, watu wana shughuli zao. Wengi ni Waislamu.

- Salimia kwanza. Kwa wazee "shikamoo", na salamu ya Kiislamu hupokelewa vyema hata ukiwa Mkristo. Mtu wa pwani haanzi na shida. Anaanza na hali, nyumbani, safari.
- Mwanamke abebe khanga mbili; mwanamume asitembee kifua wazi kijijini. Nguo za kuogelea ni za ufukweni.
- Uliza kabla ya kupiga picha ya mtu, hasa wanawake na watoto.
- Usipande juu ya kuta. Chokaa ya miaka 600 haiwezi kukubeba wewe na simu yako ya kujipigia picha.
- Mtoto akiomba hela, usimpe. Nunua kitu kwa mama yake.

Acheni detekta nyumbani

Hili nalisema kwa wenzangu wa machimboni, na nalisema bila utani. Kuna vijana hudhani kwa kuwa Kilwa ilikuwa mji wa dhahabu, basi ardhini kuna dhahabu, au rupia za Mjerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba na kuchukua vitu vya kale bila kibali. Usiende na mashine ya kupimia, usiende na sururu, usinunue "sarafu ya kale" kwa mtu wa gatini. Hata vigae vya vyungu na shanga utakazoziona zimetapakaa chini, ziache. Sultani wa Kilwa alipiga sarafu zake za shaba kwa jina lake mwenyewe. Ukiiona moja mchangani, muonyeshe mwongozaji ilipo, usiiokote.

Sasa ufukwe

Mlikuja pia kuoga. Magofu ni ya asubuhi, na kuoga hufuata maji yanapojaa. Kilwa Masoko kuna pahali pawili panapotajwa zaidi:

- *Jimbizi*, ufukwe ulio karibu na mji, ndani ya ghuba. Maji yametulia zaidi, unatembea kwa miguu kutoka nyumba nyingi za kulala wageni. Familia zianzie hapa.
- *Masoko Pwani*, upande wa bahari kuu, kilomita chache kutoka mjini. Bodaboda hufika. Mchanga ni mrefu, watu wachache, mawimbi makubwa zaidi. Ni pa kutembea na kutazama wavuvi. Wasiojua kuogelea waishie magotini.

Aliyezoea kuoga kwenye malambo asidhani anaijua bahari. Kwenye milango ya bahari, maji yakiwa yanakupwa mkondo huvuta kwenda nje, na anayejitahidi kurudi kwa kukata moja kwa moja huchoka. Ogeni maji yakijaa, mkiwa na mtu wa hapo, na msiogee karibu na gati. Watoto wasiachwe hata kwa dakika ya kujibu ujumbe wa simu.

Dawa ya mbu na chandarua ni muhimu kama nguo. Malaria ya pwani haitofautishi mgeni.

Ukiwa na siku ya ziada

Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kisiwani, kina mji wa mawe wa karne ya 14 hadi 16 wenye nyumba, misikiti na jumba kubwa. Ni safari ya siku nzima, ya boti ya mashine, na utatembea kwenye maji kati ya mikoko. Wenye miguu mizuri tu.

Au nenda Kilwa Kivinje, kama kilomita 30 kwa gari, bila kuvuka bahari. Mji huu ulikua karne ya 19 kwa misafara iliyoleta pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kisha Wajerumani wakaweka boma lao. Wapiganaji wa Maji Maji, vita iliyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi iliyo wilaya hiyohiyo, walinyongwa hapa. Ni mji wa kuzungumza polepole, na watoto wa shule ya msingi wapelekwe wakiwa na mtu wa kuwaeleza.

Hela

Sitaji bei, zitakuwa zimebadilika kabla hujapanga begi. Lakini gawa hela yako hivi, kila fungu kwenye bahasha yake:

1. Nauli ya kwenda na kurudi. Ya kurudi usiiguse.
2. Malazi Dar, usiku mmoja au miwili kila upande.
3. Malazi Masoko. Nyumba za kawaida zipo; uliza kama kuna chandarua na maji kabla ya kulipa.
4. Kibali, chombo na mwongozaji.
5. Chakula. Pweza, ngisi, changu, wali wa nazi. Agiza mapema, jikoni kwao hakuna haraka. Kwa njiani bebeni michembe na karanga kutoka nyumbani, zitawaokoa kati ya Singida na Dodoma.
6. Dharura: bahasha hii ni ya barabara kukatika au mtoto kuugua.

Familia zikiungana mbili, gharama ya chombo na mwongozaji hugawanyika, na hapo ndipo safari hii inapokuwa nafuu.

Ratiba ninayoipendekeza

- Siku ya 1 na 2: Masumbwe hadi Dar, kwa basi au kwa basi na SGR, pamoja na kupumzika Dar.
- Siku ya 3: Dar hadi Kilwa Masoko. Jioni: kibali, mwongozaji, saa za maji.
- Siku ya 4 na 5: moja ya Kisiwani, moja ya ufukweni. Maji yataamua ipi itangulie.
- Siku ya 6: kurudi Dar. Basi la Masoko huondoka mapema asubuhi, kata tiketi jana yake.
- Siku ya 7 na 8: kurudi nyumbani.

Anayetaka Songo Mnara au Kivinje aongeze siku ya tisa. Asikate mapumziko ya Dar.

Na kuhusu pweza mkavu, ambaye kila mtu hutaka kumletea mama mkwe: mnunue siku ya mwisho, aliyekauka kabisa, umtie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko wa karatasi hautazuia harufu. Mwambie kondakta mapema ndoo ina nini, akuwekee chini kwenye buti.